Ziwa Ndani ya Daftari: Uigaji wa Kompyuta katika Kufundisha Sayansi ya Dunia na Mazingira

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1961 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ziwa Viktoria likaanza kupanda. Liliendelea kupanda mwaka 1962 na 1963, na kufikia katikati ya mwaka 1964 usawa wake ulikuwa umeinuka kwa kiasi cha mita 2.5. Gati ziliingiwa na maji na mashamba ya mwambaoni yakafunikwa. Lakini jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni lile lililofuata. Mvua ilipopungua, ziwa halikurudi mara moja mahali lilipokuwa. Kwa miaka mingi baadaye lilibaki juu ya kiwango ambacho watu wa mwambao walikuwa wamekizoea kabla ya mwaka 1961.

Mwalimu wa jiografia anaweza kuwaeleza wanafunzi habari hii kwa dakika tano. Kuwaonyesha ni kazi nyingine kabisa. Mwalimu wa kemia hutia asidi katika chupa na wanafunzi wakaona povu kwa macho yao; mwalimu wa fizikia huning'iniza jiwe kwenye uzi na kuhesabu mabembeo yake. Ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 haliingii katika maabara, wala miaka kumi haiingii katika kipindi cha dakika arobaini. Ndiyo sababu elimu ya dunia na mazingira, tofauti na ndugu zake, imezoea kufundishwa kwa ramani, picha na maneno ya kukariri.

Uigaji wa kompyuta ulibuniwa na watafiti waliokuwa na shida iyo hiyo. Wao pia hawawezi kuifunga anga katika chupa.

Hesabu ya kuingia na kutoka

Kwanza yafaa kutenganisha maneno mawili. Modeli ni seti ya kanuni zinazoeleza jinsi kitu fulani kinavyokwenda: kipi kinaingia, kipi kinatoka, na kipi kinategemea kipi. Uigaji ni kitendo cha kuziendesha kanuni hizo hatua kwa hatua, siku kwa siku au mwaka kwa mwaka, ili kuona zinafika wapi. Gari la waya analolitengeneza mtoto ni modeli ya gari. Lina magurudumu na usukani, halina injini, na hakuna anayelilaumu kwa hilo maadamu anayelichezea anajua kilichoachwa.

Modeli ya Ziwa Viktoria yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani hailetwi na mito, bali ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa tarakimu zilizokadiriwa ili kurahisisha kazi ya darasani, mvua hiyo huleta milimita 1,800 kwa mwaka. Mito yote kwa jumla huleta maji ambayo, yakitandazwa juu ya eneo lote la ziwa, yangekuwa na kina cha milimita 340. (Kiasi hicho ni zaidi ya kilomita za ujazo 23, mwanafunzi anaweza kukihakiki kwa kuzidisha kina kwa eneo.) Kwa upande wa kutoka, jua na upepo huyageuza maji kuwa mvuke kwa kiasi cha milimita 1,600, na Mto Nile huchukua milimita 540 kupitia Jinja. Kinachoingia ni 2,140, kinachotoka ni 2,140, na ziwa linakaa palepale.

Sasa inabidi kuongeza kanuni moja, nayo ndiyo roho ya modeli nzima. Ziwa likipanda, Nile huchukua maji mengi zaidi, kwa kuwa maji hupita mlangoni kwa wingi na kwa nguvu zaidi. Kwa kukadiria tena, kila milimita moja ya kupanda huongeza robo ya milimita kwa mwaka katika maji yanayotoka. Kwa hiyo ziwa lililo juu ya usawa wake wa kawaida kwa milimita 400 litapoteza milimita 100 zaidi ya zile 540. Msomaji aliyewahi kuangalia pipa la maji lililotoboka ubavuni amekwisha kuiona kanuni hii: pipa likijaa, maji huchupa mbali, likipungua, hutiririka kwa unyonge.

Kukisia kabla ya kukokotoa

Tuseme mvua katika mwaka wa kwanza ni milimita 2,200, katika mwaka wa pili 2,000, wa tatu 1,900, na kuanzia wa nne inarudi 1,800 kama kawaida. Kabla ya kukokotoa lolote, kila mwanafunzi na achore katika daftari lake mstari unaoonyesha usawa wa ziwa kwa miaka sita. Hatua hii ndogo huachwa na walimu wengi kwa kuwa inachukua muda, na kuiacha ni hasara. Mwanafunzi ambaye hakukisia hana cha kushangaa, na asiyeshangaa husahau.

Wengi watachora mstari unaofuata mvua: ziwa liko juu kabisa mwaka wa kwanza, kisha linashuka pamoja na mvua. Hesabu inasema vingine. Mwaka wa kwanza ziwa linapanda kwa milimita 400. Mwaka wa pili mvua imepungua kwa milimita 200, lakini bado kinachoingia ni 2,340 na kinachotoka ni 2,240. Ziwa linapanda tena na kufikia 500. Mwaka wa tatu linashuka kidogo tu hadi 475, ingawa mvua imekaribia kabisa kiwango chake cha kawaida. Mwaka wa nne linafika 356, wa tano 267, wa sita 200. Mvua ya ziada ilikwisha miaka mitatu nyuma, na milimita 200 za mafuriko yake zingali ziwani.

Hapa mwanafunzi amepata jambo ambalo maneno peke yake hupata taabu kulifikisha, yaani kwamba usawa wa ziwa haufuati mvua. Unafuata tofauti kati ya kinachoingia na kinachotoka. Mvua inaweza kupungua na ziwa likaendelea kupanda, mradi kinachoingia bado kinazidi kinachotoka.

Pale modeli inaposhindwa

Ni kosa kumalizia somo hapo, kwa sababu sehemu yenye manufaa zaidi haijaanza. Vipimo vya usawa wa Ziwa Viktoria vimekuwa vikichukuliwa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa hiyo modeli yaweza kupelekwa mbele ya hakimu. Mwanafunzi akiweka mvua ya milimita 2,200 kwa miaka mitatu mfululizo, ziwa lake la daftarini litapanda hadi 400, kisha 700, kisha 925. Hata mita moja haikutimia, na ziwa lenyewe lilipanda mita 2.5.

Nani amekosea? Modeli ilisema mito huleta milimita 340 kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Kila mtu aliyeuona Mto Kagera, Nzoia au Mara wakati wa masika anajua kwamba kanuni hiyo si ya kweli. Mwanafunzi akijaribu kuirekebisha, akaongeza mito maradufu katika miaka hiyo mitatu, atapata 740, 1,295 na 1,711. Amesogea. Bado hajafika, na sasa anaweza kuuliza maswali mengine: mawingu mengi hayapunguzi mvuke? Je, robo ile ni sawa wakati wote? (Si sawa, maji yanayopita Jinja hayaongezeki kwa mstari mnyoofu, bali huongezeka kwa kasi zaidi kadiri ziwa linavyoinuka.) Modeli iliyokosea imemfundisha mengi kuliko ambavyo ingemfundisha kama ingelipata jibu mara ya kwanza.

Kuna pia mkono wa binadamu. Tangu mwaka 1954 maji ya Jinja hupita katika Bwawa la Owen Falls, na ilikubaliwa kwamba bwawa lifunguliwe kwa namna ya kutoa maji kiasi kile ambacho mto wenyewe ungalitoa kama bwawa lisingalikuwapo. Ili kuelewa maana ya makubaliano hayo, inatosha kufuta kanuni ya robo katika modeli na kuamuru kwamba Nile ichukue milimita 540 daima. Kwa mvua ileile ya mfano wa kwanza, ziwa linapanda 400, kisha 600, kisha 700, na linabaki 700 milele. Limepoteza uwezo wa kujirudi. Upande wa pili wa jambo hili ulionekana mwanzoni mwa karne hii, ziwa liliposhuka sana kufikia mwaka 2006. Wataalamu waliofanya hesabu ya kuingia na kutoka walionyesha kwamba ukame ulichangia, na kwamba maji yaliyofunguliwa kupita kiasi kilichokubaliwa yalichangia pia. Kisha, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda tena hadi karibu na kilele cha mwaka 1964, na maelfu ya watu wa mwambao wakahama makazi yao.

Kompyuta yaongeza nini?

Yote yaliyoelezwa mpaka hapa yamefanyika kwa kalamu. Msomaji ana haki ya kuuliza kompyuta inatakiwa kwa kazi gani. Jibu ni kwamba kompyuta haileti kanuni mpya. Huleta wepesi wa kurudia. Mwaka ukigawanywa katika miezi, na ziwa katika sehemu za kaskazini na kusini, hesabu ambazo zilikuwa sita zinakuwa mamia.

Mtu wa kwanza kuonja uchungu wa jambo hili alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa, alijaribu kukokotoa kwa mkono jinsi hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910 ilivyobadilika kwa muda wa saa sita tu. Kitabu alichokichapisha mwaka 1922 kinakiri matokeo bila kuficha: hesabu yake ilitabiri kwamba kanieneo ya hewa ingepanda kwa milibari 145, na siku ile yenyewe haikubadilika sana. Hata hivyo hakukata tamaa. Aliwaza ukumbi mkubwa wa duara ambamo watu 64,000 wangekaa, kila mmoja akikokotoa kipande chake cha dunia na kumpa jirani jibu. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilifanya utabiri wa saa 24 kwa muda unaokaribia saa 24 zilezile. Ukumbi wa Richardson ulikuwa umepatikana, nao haukuwa na watu ndani yake.

Miaka kumi na moja baadaye, yaani 1961, ule mwaka wa mvua kubwa, Edward Lorenz aliirudia hesabu moja ya hali ya hewa katika kompyuta yake. Badala ya kuanza na 0.506127 aliandika 0.506, akidhani tofauti ni ndogo mno. Baada ya muda hesabu ile ya pili iliachana kabisa na ya kwanza. Mwanafunzi anaweza kulinganisha jambo hilo na ziwa lake. Akianza na ziwa lililo juu kwa milimita 100 na jingine lililo palepale, akayapa mvua ileile, tofauti yao itakuwa 75, kisha 56, kisha 42, mpaka itoweke. Ziwa husahau lilikoanzia. Hali ya hewa ya kila siku hukuza kila kosa dogo. Wanafunzi mara nyingi huuliza, tena kwa haki, inawezekanaje wataalamu waseme juu ya tabia ya nchi ya miaka hamsini ijayo nao hawawezi kutabiri mvua ya mwezi ujao. Sehemu kubwa ya jibu imo katika tofauti hiyo.

Ziwa lililo angani

Hesabu ya ziwa ina faida nyingine ambayo inazidi mipaka ya Afrika Mashariki. Gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa, nayo hukusanyika angani kama maji ziwani. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa karibu sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Sasa imezidi 420. Shughuli za binadamu huingiza karibu tani bilioni 40 kila mwaka, na bahari pamoja na mimea huondoa takriban nusu ya kiasi hicho.

Mwaka 2007 John Sterman na Linda Booth Sweeney walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi wa shahada za juu wa chuo cha MIT, ambao wengi wao walikuwa na elimu nzuri ya hesabu na sayansi. Waliambiwa wachore jinsi utoaji wa gesi unavyopaswa kwenda ili kiasi chake angani kisimame. Wengi walichora utoaji unaoacha kuongezeka na kubaki ulipo, yaani juu ya kile kinachoondolewa. Ni kosa lilelile la mwanafunzi aliyedhani kwamba mvua ikipungua ziwa nalo hupungua papo hapo. Mwaka 2020, shughuli nyingi duniani zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, utoaji wa gesi kutokana na makaa, mafuta na gesi asilia ulipungua kwa kiasi cha asilimia 5. Kiasi cha kabonidayoksaidi angani kiliendelea kupanda mwaka huohuo. Magazeti mengine yalishangaa. Mwanafunzi aliyekokotoa mwaka wa pili wa ziwa lake hatashangaa.

Kosa hili si dogo. Taifa linaloamini kwamba kusimamisha ongezeko la utoaji kunatosha litajiwekea malengo yasiyotosha, na litadhani limekwisha kuyatimiza.

Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mafunzo ya namna hii. Tangu mwaka 1985 programu ya STELLA imewawezesha wanafunzi kuchora matangi na mabomba kwenye kioo cha kompyuta, na kompyuta ikafanya hesabu zake. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilitengeneza EdGCM, iliyowapa wanafunzi modeli halisi ya tabia ya nchi iliyowahi kutumiwa na watafiti wa NASA. En-ROADS, inayopatikana bure kwa intaneti, humruhusu mtumiaji kubadili sera za nishati na kuona joto la dunia linavyoitikia. Ni vyombo vizuri. Lakini vina hatari moja ambayo ni lazima isemwe. Mwanafunzi asiyejua kilichomo ndani ataburuta alama za kioo huku na huku mpaka mstari umpendeze, kisha atasema amejifunza mazingira. Huo ni mchezo wa vidole. Kadiri picha inavyopendeza ndivyo inavyokuwa rahisi kuidhania kuwa dunia yenyewe. Aliyeanza na daftari, akaiona modeli yake ikishindwa kwa mita moja na nusu, ataitazama picha ile kwa macho mengine, na atauliza: mito imewekwaje humu?

Katika shule yenye kompyuta moja

Shule nyingi hazina chumba cha kompyuta, na penye chumba umeme hukatika. Hali hiyo haizuii kazi hii. Kompyuta moja, au hata simu ya mkononi yenye programu ya lahajedwali, yatosha kuendesha ziwa kwa miaka mia. Safu ya kwanza ni mwaka, ya pili mvua, ya tatu mito, ya nne mvuke, ya tano maji ya Nile, na ya sita usawa wa ziwa mwishoni mwa mwaka. Kanuni huandikwa mara moja katika mstari wa kwanza na kunakiliwa kwenda chini. Ni vema wanafunzi wenyewe waandike kanuni hiyo, wakakosea alama ya kutoa na kujumlisha, na kuliona ziwa lao likifurika hadi mawinguni. Kosa la namna hiyo hurekebishwa upesi na hukumbukwa muda mrefu.

Ikiwa hata simu haipo, darasa lenyewe na liwe ukumbi wa Richardson. Wanafunzi kumi na wawili huketi kwa mstari, kila mmoja akiwa mwezi. Mwenye mwezi wa Januari hupokea usawa wa ziwa kwenye karatasi, hujumlisha mvua na maji ya mito ya mwezi wake, hutoa mvuke na maji ya Nile, kisha humpa Februari karatasi. Waliobaki hushika kalamu na ubao, wakichora grafu kadiri karatasi inavyosogea. Mvua ya miezi yaweza kuchukuliwa kutoka kituo cha karibu cha hali ya hewa, na mahali pasipo na kituo, kopo lililonyooka pande zote na rula vyatosha kuanza kupima mvua ya uwanja wa shule.

Kwa shule zilizo mbali na Ziwa Viktoria, hesabu ileile hufaa kwa lambo la kijiji, tangi la maji ya mvua au udongo wa shamba la mahindi. Kinachobadilika ni tarakimu na mlango wa kutokea. Katika udongo, mlango huo ni mizizi ya mimea, na kanuni ya robo itabidi itafutwe upya: mahindi yenye wiki mbili hayanywi sawa na mahindi yanayotoa mbelewele. Wanafunzi wanaweza kuanza kwa kukisia tarakimu hiyo, kisha waende shambani na jembe kuangalia unyevu umefika kina gani.